Mzizi uliobadilishwa: uchambuzi wa kisa cha kliniki ya Brussels

Mjadala wa kuingiza tiba asili katika mfumo wa hospitali hugawanyika upesi. Upande mmoja husema mitishamba imethibitishwa na karne nyingi za matumizi, kwa hiyo kilichobaki ni kuifungulia mlango. Upande wa pili husema mlango huo ukifunguliwa wagonjwa watakufa. Kisa ninachokichambua hapa hakimpi raha yeyote kati yao. Kilitokea Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kliniki ya kupunguza unene. Wagonjwa waliandikiwa dawa na madaktari, si waganga wa vichochoroni, na hakuna aliyezificha chini ya godoro. Mitishamba ilikuwa imeshaingia ndani ya mfumo, na ikiwa humo humo ikaharibu figo za watu zaidi ya 100, karibu wote wanawake.

Nimekichagua kwa sababu kimechunguzwa kuliko karibu kisa kingine chochote cha aina yake, na kwa sababu naamini watu wengi wanaokitaja hukitumia kuthibitisha kitu ambacho hakikithibitishi.

Kilichotokea

Kliniki hiyo ilikuwa na utaratibu wake wa kupunguza uzito uliotumika kwa miaka mingi bila malalamiko ya figo. Mwaka 1990 utaratibu ulibadilishwa. Katika kapsuli ukaongezwa unga wa mimea miwili inayotumika katika tiba ya Kichina: Stephania tetrandra na Magnolia officinalis. Unga huo haukwenda peke yake. Wagonjwa walipewa pia dawa za kukata hamu ya kula, acetazolamide ambayo huongeza mkojo, cascara ya kulegeza choo, na belladonna. Tiba ya Kichina haina mchanganyiko wa namna hiyo, na haikuwahi kuitumia Stephania kuwapunguza wanawake mwili. Kilichofanyika ni kuuchukua mmea na kuuacha utaratibu wake wote: nani apewe, kwa ugonjwa gani, kwa kipimo gani, kwa muda gani.

Mwaka 1992 madaktari bingwa wa figo mjini Brussels, wakiongozwa na Jean-Louis Vanherweghem, walipokea wanawake wawili ambao figo zao zilikuwa zikifa kwa kasi isiyo ya kawaida. Walikuwa na umri wa chini ya miaka 50 na hawakuwa na historia ya ugonjwa wa figo. Dalili zao zilikuwa za kutatanisha. Shinikizo la damu halikuwa limepanda sana na protini katika mkojo ilikuwa kidogo tu, yaani zile ishara mbili ambazo daktari huzitegemea kumwonya mapema zilikuwa hafifu. Lakini upungufu wa damu ulikuwa mkubwa, na figo zenyewe zilikuwa zimesinyaa.

Walipochukua kipande cha figo na kukiangalia kwa hadubini, picha haikufanana na waliyoizoea. Vichujio vya damu, vile vifundo vidogo ambavyo katika magonjwa mengi ya figo ndivyo huonekana vimeumia, vilikuwa karibu salama. Kilichoharibika ni sehemu iliyo kati ya mirija: imejaa makovu, na mirija yenyewe imenyauka, mahali pengine haipo tena. Ni kama kitu fulani kilipita katika njia ya mkojo na kuichoma njia hiyo tu.

Wanawake wote wawili walikuwa wamepitia kliniki ile ile. Hapo madaktari wakafanya jambo la busara ambalo halikuhitaji mashine yoyote: walipita katika vituo vya figo vya Brussels kutafuta wanawake wengine wa umri huo walioingia kwenye usafishaji damu mwaka 1991 na 1992 wakiwa na makovu ya aina hiyo. Wakapata wengine saba, na wote walikuwa wametumia kapsuli zile. Taarifa ya wagonjwa hao tisa ilichapishwa mwaka 1993, na idadi ikaendelea kupanda kila mwaka. Wengi walikuwa wameshaacha vidonge, lakini figo ziliendelea kufa.

Mifuko miwili, jina moja

Swali la kwanza lilikuwa rahisi kuuliza na gumu kujibu: kama ni Stephania tetrandra iliyodhuru, mbona haikujulikana kwa sumu ya namna hiyo? Stephania ina kemikali yake inayotambulika vizuri maabara, tetrandrine. Ukiupima unga wa mizizi yake lazima uikute. Walipozipima kapsuli, tetrandrine haikuwepo.

Katika biashara ya dawa za Kichina, Stephania huitwa han fang ji. Kuna mzizi mwingine unaoitwa guang fang ji, nao ni wa mmea tofauti kabisa, Aristolochia fangchi, wa jamii nyingine ya mimea. Yote miwili kwa kifupi ni fang ji. Kwa muda mrefu wauzaji na watumiaji waliichukulia kama vitu vinavyoweza kushika nafasi ya mwenzake, na kubadilishana huko hakukuwa udanganyifu. Ulikuwa utaratibu uliokubalika. Mtaalamu anayeshika kipande cha mzizi mkavu mkononi huweza kuutofautisha mmoja na mwingine kwa mkato wake. Ukishasagwa ukawa unga na kuwekwa kwenye mfuko wenye lebo moja, jicho halina tena cha kushika.

Mwaka 1994 wakemia wa Ubelgiji walithibitisha: unga uliouzwa kama Stephania ulikuwa na asidi aristolokia, kemikali ya jamii ya Aristolochia, badala ya tetrandrine. Kliniki ilidhani imeagiza mmea mmoja, ikapokea mwingine, na hapakuwa na mtu yeyote katika mnyororo mzima, kuanzia shamba hadi kapsuli, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kilichomo mfukoni ndicho kilichoandikwa juu ya mfuko.

Hapa nina jambo la kusema kwa uzito. Kipimo cha kutofautisha mizizi hii miwili si teknolojia ya ajabu. Ni kromatografia ya kawaida, njia ya maabara ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, kazi ya mwanafunzi wa famasia. Dawa ya kiwandani isingeruhusiwa kuingia kwenye kapsuli bila kipimo cha aina hiyo. Unga wa mmea uliruhusiwa kwa sababu uliitwa wa asili, na neno hilo likafanya kazi ya cheti.

Baada ya figo, saratani

Madaktari walipowafuatilia wagonjwa waliokwisha kupandikizwa figo au walio kwenye usafishaji damu, waliona jambo jingine. Seli za njia ya mkojo zilikuwa zinabadilika. Wakawashauri wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimeshakufa waondolewe figo hizo pamoja na mirija inayoshusha mkojo kwenye kibofu, kabla ya ugonjwa kujitokeza. Wagonjwa 39 walikubali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000 na timu ya Joëlle Nortier: kati ya hao 39, 18 walikuwa tayari na saratani. Kati ya waliobaki, ni wawili tu ambao ukuta wa njia yao ya mkojo ulikuwa wa kawaida. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa wametumia zaidi ya gramu 200 za unga huo kwa jumla.

Tunajua leo inavyotokea. Mwili wenyewe, kwa vimeng'enya vyake, huigeuza asidi aristolokia kuwa kitu kinachojibandika kwenye DNA. Kikishajibandika hukaa miaka mingi, na huacha kosa la aina moja: mahali palipokuwa na herufi A kwenye vinasaba panakuja T. Kosa hilo ni nadra kwa namna nyingine, kwa hiyo likionekana kwa wingi katika uvimbe, mtafiti anajua mgonjwa aliwahi kula nini, hata kama mgonjwa mwenyewe hajui.

Hapo ndipo hoja ya karne nyingi za matumizi inapokutana na mpaka wake, na ni mpaka ambao watetezi wa tiba asili, mimi nikiwemo, tunapaswa kuukubali waziwazi. Mimea ya Aristolochia imetumika tangu enzi za Wayunani, hasa katika uzazi, na imetumika pia Asia kwa karne nyingi. Matumizi ya vizazi hufundisha mengi. Hufundisha kipi kinatapisha, kipi kinaharisha, kipi kinaharibu mimba, kipi kinatuliza homa usiku huo huo. Mganga makini huyaona haya kwa macho yake. Lakini kemikali inayoua figo taratibu bila maumivu, kisha inaleta saratani miaka kadhaa baadaye, haiwezi kuonwa na mtu anayemtibu mgonjwa mmoja mmoja, hata awe na busara kiasi gani. Daktari wa hospitali anayemwona mgonjwa mara moja kwa mwaka haioni pia. Huonwa na mtu mwenye daftari la wagonjwa wengi kwa miaka mingi.

Habari zilikuwepo

Kinachoniumiza zaidi katika kisa hiki si kubadilishwa kwa mzizi. Ni kwamba hatari ya Aristolochia ilikuwa imeshaandikwa mahali angalau pa nne tofauti kabla ya mwaka 1990.

Nchini China, mwaka 1964, daktari alichapisha taarifa ya wagonjwa wawili waliopata kushindwa kwa figo baada ya kunywa mu tong kwa kipimo kikubwa. Mu tong iliyokuwa ikiuzwa sana ilitokana na Aristolochia manshuriensis, ndugu wa mmea wetu. Katika nchi za Balkan, kusini-mashariki mwa Ulaya, miaka ya 1950, madaktari wa mifugo waliona farasi waliolishwa nyasi zilizochanganyika na Aristolochia wakiharibika figo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Milenko Ivić alieleza kuwa ugonjwa wa figo uliokuwa ukiwamaliza wanavijiji kando ya matawi ya mto Danube huenda unatokana na mbegu za Aristolochia clematitis, gugu la mashamba ya ngano, zinazosagwa pamoja na unga wa mkate. Na Ujerumani, majaribio kwa panya yalionyesha asidi aristolokia inasababisha saratani kwa nguvu kubwa. Dawa zenye kemikali hiyo ziliondolewa sokoni huko mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Tiba ya Kichina ilikuwa na habari yake, madaktari wa mifugo walikuwa na yao, watafiti wa magonjwa ya vijijini walikuwa na yao, na wasimamizi wa dawa walikuwa na yao. Hakuna aliyekuwa na zote. Mtu aliyeamua kuongeza unga wa mzizi katika kapsuli za Brussels hakulazimika kusoma hata mojawapo, kwa sababu hakuna sheria iliyomtaka aombe kibali cha kufanya mabadiliko yale.

Utetezi wa kawaida na mahali unapokwama

Watetezi wa tiba ya Kichina walijibu haraka, na majibu yao yana uzito. Walisema mmea haukuwa ule uliokusudiwa, kwamba haukuchemshwa kama desturi inavyotaka bali ulimezwa ukiwa unga, na kwamba ulitumika kwa miezi mfululizo kwa lengo lisilo la tiba ya Kichina, tena ukichanganywa na dawa za viwandani. Yote ni kweli. Kama kisa kingeishia Ubelgiji, ningesema hukumu ya haki ni hii: tiba asili haikushindwa, ilitumiwa vibaya.

Kisa hakikuishia Ubelgiji. Taiwan ina mfumo wa bima ya afya ya taifa, ulioanza mwaka 1995, unaolipia tiba ya Kichina sawa na tiba ya hospitali. Huko waganga wana leseni, wamesomea chuo kikuu, wanaandika kila dawa wanayotoa. Ukitaka mfano wa kuunganisha mifumo miwili kwa kanuni, ndio huo. Watafiti walipozichambua kumbukumbu za bima waliona kwamba kati ya mwaka 1997 na 2003, karibu theluthi moja ya watu katika sampuli yao waliandikiwa dawa zenye mimea inayobeba asidi aristolokia. Hizi hazikuwa dawa za kupunguza unene, bali dawa za kawaida za desturi, zilizoandikwa na watu waliosomea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba aliyepewa zaidi ya gramu 60 za mu tong kwa jumla alikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya njia ya mkojo, na hatari ilipanda kadiri kipimo kilivyopanda. Baadaye uvimbe wa wagonjwa wa Taiwan ulipopimwa vinasaba, lile kosa la A kuwa T lilikuwemo. Taiwan ilipiga marufuku mimea hiyo mwaka 2003.

Kwa hiyo leseni haikutosha, na utaalamu wa desturi haukutosha. Lakini upande unaosema mlango usifunguliwe nao haujashinda, na sababu ni jambo ambalo sijaona likitiliwa mkazo wa kutosha.

Madhara ya Brussels yaligunduliwa ndani ya takriban miaka miwili tangu kapsuli zibadilishwe. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu yalikuwa ndani ya mfumo. Wagonjwa walipoulizwa wanatumia nini, hawakuwa na sababu ya kuficha, maana walipewa na daktari. Kulikuwa na cheti cha dawa, tarehe, na idadi ya kapsuli. Ile hesabu ya gramu 200 ilipatikana kwa kujumlisha maagizo ya dawa yaliyoandikwa. Taiwan vilevile: kilichowezesha kujua nani alikula kiasi gani ni daftari la bima. Sasa linganisha na Balkan. Huko watu walipata sumu hiyo hiyo nje ya mfumo wowote, kwenye mkate wao wenyewe. Ugonjwa ulielezwa na madaktari miaka ya 1950. Ushahidi wa vinasaba uliofunga mjadala ulichapishwa mwaka 2007. Ni nusu karne ya watu kufa kijiji kwa kijiji huku kukiwa na nadharia chungu nzima.

Mimea yenye asidi hii ingekuwepo na ingetumika hata kama hakuna hospitali iliyoigusa. Kuiweka nje hakuifanyi isiliwe. Kunaifanya isihesabiwe. Mgonjwa anayejua atakaripiwa akitaja dawa ya mganga ataitikia kwa kichwa, ataondoka, na figo zake zitaandikwa kuwa zimekufa kwa sababu isiyojulikana.

Hukumu yangu

Ukilinganisha na kisa kingine kinachotajwa sana, kile cha artemisinin, dawa ya malaria, tofauti inaonekana wazi. Timu ya Tu Youyou nchini China nayo ilianzia kwenye maandishi ya kale, nayo ilikumbana na jina moja linalobeba mimea zaidi ya mmoja. Walichofanya ni kuamua kwanza ni mmea upi hasa, Artemisia annua, ambao kwa Kiswahili tunauita pakanga, na sehemu ipi ya mmea, majani. Mwaka 1971, baada ya dokezo la kitabu cha kale kwamba mmea uloweshwe katika maji na kukamuliwa, walitumia etha, kimiminika cha kuyeyushia dawa, kwenye joto la chini ili kutoiharibu dawa, kisha wakajaribu usalama wake kwa miili yao wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Utambulisho ulitangulia, usalama ukafuata, kisha ndipo wagonjwa. Brussels ilianzia kwa wagonjwa.

Mwenye mamlaka ya kuunganisha tiba hizi mbili, awe wizarani au mkurugenzi wa hospitali moja, ningemtaka aanze na mambo ambayo hayana mvuto wa kutangazwa. Awe na mtu mwenye jina na mshahara ambaye bila saini yake mfuko wa mmea haupiti mapokezi, na anayeupima mfuko wenyewe, si karatasi iliyoambatana nao. Jina la kisayansi la mmea liandikwe kwenye kila cheti, kwa sababu jina la sokoni ndilo lililowaangusha Wabelgiji. Dawa ya mganga iingie kwenye faili lile lile la mgonjwa, si daftari la pembeni. Na pawe na anayelipwa kulifungua faili hilo miaka mitano au kumi baadaye. Taiwan ilikuwa na daftari zuri kuliko nchi nyingi, lakini uchambuzi wake ulikuja baada ya marufuku, wakati gramu zilikuwa zimeshamezwa.

Marufuku yenyewe yana nafasi yake, na kwa Aristolochia naona yalikuwa sahihi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka dawa zenye mimea ya jamii hiyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2002. China iliondoa mu tong itokanayo na Aristolochia mwaka 2003 na guang fang ji mwaka uliofuata, na toleo la mwaka 2020 la kitabu rasmi cha viwango vya dawa liliziondoa dawa mbili nyingine za jamii hiyo. Tunda la Aristolochia lililotumika kwa kikohozi kwa karne nyingi lilikuwa mojawapo.

Xixin ilibaki. Nayo ni ya jamii ya Aristolochia, inatumika kwa mafua na maumivu, na asidi ile ile imo ndani yake, zaidi katika majani na mashina kuliko katika mizizi. Zamani ulitumika mmea mzima. Kiwango rasmi cha sasa kinaruhusu mizizi na shina lake la chini ya ardhi pekee, kikiweka ukomo wa asidi aristolokia unaopaswa kupimwa maabara, na mzigo unaozidi ukomo huo haukidhi kiwango.